Umeambiwa Mgongo Hauna Kitu na Bado Unauma: Hatua za Kufuata

Mama mmoja mpika vitumbua alikuja chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na bahasha mbili za picha za eksirei kwapani. Moja ilikuwa ya mwaka juzi, nyingine ya wiki ileile. Majibu yalifanana: hakuna mvunjiko, hakuna uvimbe, pingili zimekaa sawa kwa umri wake. Kwenye fomu daktari alikuwa ameandika maumivu ya mgongo, chanzo hakijabainika. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akanitazama, akasema, "Mwanangu, kama hakuna kitu, mbona siwezi kuinama nikachochea moto?"

Maumivu yake yalikuwa ya kweli, na daktari naye hakumdanganya. Yote mawili yanawezekana kwa pamoja. Mgonjwa asipoelezwa hilo, huanza kuhama hospitali hii kwenda ile, na kurudia kipimo baada ya kipimo, mpaka akiba ya nyumba inakwisha na mgongo uko palepale. Nimewaona wengi mno wa namna hiyo, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Ni kwa mtu mzima aliyepewa jibu kama la yule mama. Zifuate hatua kwa mpangilio wake, na ile ya pili usiiruke hata kama una haraka.

Hatua ya 1: Lielewe jina ulilopewa

Uti wa mgongo una pingili 33 hivi: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na zile ndogo za kifandugu mwishoni, kwa kawaida 4. Katikati ya pingili nyingi kuna diski, yaani vipande vigumu kiasi vyenye ute ndani yake. Nyuma kuna viungo vidogo, kila pingili ikishikana na mwenzake. Halafu kuna kano, tabaka juu ya tabaka za misuli, na mishipa ya fahamu inayochomoza kushoto na kulia.

Karibu kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuuma. Eksirei inaonyesha mifupa. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, inaonyesha na nyama laini. Hakuna kipimo kati ya hivyo kinachoonyesha maumivu yenyewe. Kichwa kikikuuma kwa njaa au kukosa usingizi, hakuna anayetegemea kuiona njaa kwenye picha ya fuvu, na bado hakuna anayesema kichwa hakiumi. Mgongo nao ni hivyohivyo. Daktari akisema chanzo hakijabainika, maana yake ni kwamba hajaona ugonjwa mahususi kama kifua kikuu cha mifupa, saratani au mvunjiko, na kwamba hawezi kunyoosha kidole kwenye msuli au kiungo kimoja akasema ni hiki hapa.

Kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), toleo la 10, maumivu haya yana namba zake: M54.5 kwa kiuno, na M54.9 kwa maumivu ya mgongo ambayo hayakubainishwa zaidi. Ukiiona namba hiyo kwenye fomu ya bima usishtuke. WHO inakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba takriban asilimia 90 ya maumivu hayo ni ya aina hii.

Hapa lazima niseme neno kuhusu "pingili kusagika". Hakuna kauli inayoniumiza kuisikia kwa mgonjwa kama hii. Mtu wa miaka 45 anaambiwa pingili zimesagika, na kuanzia siku hiyo anatembea kama kabeba trei la mayai kichwani: hainami, habebi mtoto, halali upande anaoupenda. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti za picha za migongo ya watu ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Hao wote ni watu wazima wa afya, mgongo hauwaumi. Diski huchakaa kadiri mtu anavyokula chumvi, kama nywele zinavyoota mvi. Wakati mwingine uchakavu huo huhusika na maumivu, mara nyingi hauhusiki. Kwa hiyo neno hilo likiwa kwenye majibu yako, lisikufanye uamini kuwa una mgongo wa kuvunjika.

Hatua ya 2: Hakikisha huna dalili za hatari

Hii hatua naomba uisome taratibu, ikibidi umsomee na mzee wako nyumbani.

Kwanza kabisa zile dalili ambazo hazisubiri kesho. Ganzi sehemu za siri na makalioni, yaani pale panapogusa tandiko la baiskeli. Mkojo kugoma kutoka ilhali kibofu kimejaa, au kutoka bila wewe kujua. Choo kutoka bila kukizuia. Miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Dalili hizi zikiungana na maumivu ya kiuno, huenda fungu la mishipa ya fahamu lililo chini ya uti wa mgongo limebanwa, na mishipa hiyo ikikaa imebanwa muda mrefu inaweza isirudi tena. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na sema wazi pale mapokezi. Watu huona haya kutamka habari ya sehemu za siri na choo mbele ya foleni, wakasema tu "kiuno kinauma", wakapewa vidonge wakarudi nyumbani. Haya hiyo imewagharimu watu miguu yao. Kama huwezi kutamka, andika kwenye karatasi umkabidhi muuguzi.

Pili, kifua kikuu cha mifupa. Watu hudhani TB lazima ije na kikohozi. TB ya uti wa mgongo inaweza isiwe na kikohozi hata kidogo. Huja polepole, wiki na miezi: maumivu sehemu moja ambayo hayatulii hata ukilala, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, nguo kuanza kukupwaya, na baadaye nundu ndogo inayochomoza katikati ya mgongo. Anayeishi na virusi vya UKIMWI, au aliyewahi kuishi nyumba moja na mgonjwa wa TB, awe mwepesi zaidi kwenda kupima. Tanzania dawa za TB hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Ikigundulika mapema hutibika. Ikichelewa inaweza kupoozesha. Na mtoto anayelalamika mgongo mpaka anaacha kucheza, usimpe dawa ya kuchua ukasubiri. Mpeleke.

Tatu, ugonjwa wa brusela, ambao wafugaji wanaujua kwa ng'ombe kutupa mimba. Kama unakunywa maziwa mabichi, unakamua, unachinja au unazalisha mifugo, na una maumivu ya mgongo pamoja na homa inayokuja na kuondoka, jasho na viungo kuuma, mwambie daktari habari ya mifugo bila kusubiri akuulize. Kuna watu wametibiwa malaria mara nne kwa jambo hili.

Nyingine nitazipita haraka, lakini kila moja ina uzito wake. Mtu aliyewahi kutibiwa saratani, hasa ya titi au tezi dume, akipata maumivu mapya ya mgongo lazima apimwe. Vilevile aliyeanguka kutoka mnazi au mwembe, au aliyepata ajali ya bodaboda. Mzee, hasa mama mtu mzima, aliyejikwaa kidogo tu na mgongo ukaanza kuuma ghafla, anaweza kuwa na pingili iliyobonyea. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa waliotumia muda mrefu dawa kama prednisolone au dexamethasone, wakiwemo wale waliozimeza ili wanenepe. Maumivu chini ya mbavu upande mmoja, yakiambatana na homa au mkojo wenye damu, elekeza macho kwenye figo. Mjamzito aanzie kliniki yake.

Kuna kundi moja husahaulika sana: kijana wa chini ya miaka 45 ambaye mgongo umemuuma zaidi ya miezi mitatu, anaamka amekakamaa kwa nusu saa au zaidi, maumivu yanamwamsha alfajiri, na akianza kujishughulisha anapata nafuu ilhali akipumzika anazidiwa. Huyo anaweza kuwa na ugonjwa wa baridi yabisi wa uti wa mgongo, ambao una dawa zake na daktari wake.

Na maumivu yanayoteremka mguuni kupita goti, yenye ganzi au kama shoti ya umeme? Hapo mara nyingi mshipa wa fahamu umeguswa. Wengi hupona bila upasuaji, lakini usijitibu mwenyewe, onana na mtaalamu. Ukiona unyayo unaburuza, kandambili inachomoka bila wewe kuhisi, wahi mapema zaidi.

Hatua ya 3: Zungumza na daktari kwa maswali

Usitoke chumbani na jibu la neno moja. Uliza: Je, umeangalia dalili za TB, saratani na mvunjiko, na umeridhika hakuna? Je, kipimo unachoniandikia kitabadilisha matibabu yangu, au matibabu yatakuwa yaleyale? Nirudi lini, na nikiona nini?

Swali la pili lina thamani kubwa kwa mfuko wako. Kama huna dalili za hatari, na maumivu hayajafika wiki sita, kwa kawaida picha haiongezi chochote. MRI ina kazi yake pale penye dalili za hatari, penye mshipa wa fahamu unaozidi kudhoofika, au pale upasuaji unapofikiriwa. Najua picha inatuliza moyo. Lakini nimeshuhudia pia ikiutia moyo hofu mpya, kwa sababu picha ya mgongo wa mtu mzima haikosi kitu cha kuandikwa.

Hatua ya 4: Pita siku za mwanzo bila kujilaza

Ushauri wa zamani ulikuwa kulala kwenye godoro gumu, au sakafuni, wiki nzima. Uache. Misuli inayolazwa hudhoofika upesi, na kukakamaa kunazidi. Pumzika saa chache pale maumivu yanapokaba, halafu uamke, utembee hata kwenda uani na kurudi, kila baada ya saa moja au mbili.

Ukilala chali weka mto chini ya magoti. Ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti. Kuamka ndiko kunakowatesa wengi: usijikunje kwenda mbele. Geuka ubavu kwanza, teremsha miguu nje ya kitanda, jisukume kwa mkono. Godoro liwe lile unalopata nalo usingizi. Huhitaji kununua jingine.

Kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto kunasaidia, dakika 15 hadi 20. Mwenye kisukari au ganzi mtu mwingine ampimie joto la maji kwa mkono wake, asije akaungua bila kuhisi. Kuchuliwa nako sikukatazi, kunalegeza misuli na kumpa mtu usingizi. Ninachokataza ni kukanyagwa mgongoni, kuvutwa na kunyongwa kwa nguvu ili "pingili irudi", na kuchanjwa chale kwa wembe.

Dawa sasa. Utafiti uliofanyika Australia na kutolewa mwaka 2014 ulilinganisha paracetamol na kidonge kisicho na dawa kwa watu ambao kiuno kilikuwa kimewaanza karibuni. Nusu ya waliomeza paracetamol walikuwa wamepona kufikia siku ya 17, na nusu ya wale wengine siku ya 16. Kwa hiyo usitegemee makubwa kutoka kwayo. Ibuprofen na diclofenac hupunguza maumivu kiasi, kwa siku chache, baada ya kula. Usizimeze zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa ni ndugu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au moyo, na mama mjamzito, wasizitumie bila kumuuliza daktari. Sindano ya diclofenac haina nguvu ya ajabu kuliko kidonge. Dawa ni ileile, na sindano iliyochomwa pasipo pake kwenye kalio inaweza kuudhuru mshipa mkuu wa fahamu wa mguu. Na dawa ya unga isiyo na jina, inayokupa nafuu ya kushangaza kwa usiku mmoja, iogope.

Hatua ya 5: Rudi kwenye mwendo, kidogo kidogo

Hii ndiyo tiba yenyewe. Hatua zote za nyuma zilikuwa za kuisafishia njia.

Anza na kutembea. Wiki ya kwanza tembea dakika 5, mara tatu kwa siku, mwendo wako wa kawaida, mahali tambarare. Wiki ya pili dakika 10, mara mbili. Kuanzia wiki ya tatu fanya safari moja ya dakika 15, kisha ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike 30, siku tano kwa wiki. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya utafiti mwingine wa Australia, wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Kundi moja lilifundishwa kutembea kwa mpango kama huu na kuelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Nusu yao walikaa angalau siku 208 kabla maumivu hayajawarudia. Kwa wasiopewa mpango huo ilikuwa siku 112. Kutembea hakuhitaji mashine, wala kiingilio, wala ruhusa ya mtu.

Ongeza mazoezi manne, asubuhi au jioni, juu ya mkeka:

1. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini. Yapeleke magoti yote mawili kulia polepole, kisha kushoto. Mara 10 kila upande.

2. Ukiwa vilevile, inua makalio mpaka mapaja na tumbo viwe mstari mmoja, hesabu tano, shusha. Mara 8. Usizuie pumzi.

3. Piga magoti na mikono chini kama mtu anayesugua sakafu. Nyanyua mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha uache ushuke taratibu. Mara 10.

4. Kaa kwenye kiti au kigoda imara, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole. Mara 8. Zoezi hili ndilo linalomrudisha mtu kwenye kazi zake, maana maisha yetu yote ni kuinama na kuinuka.

Utajuaje kama umezidisha? Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10 kabla ya kuanza. Yakipanda alama moja au mbili wakati wa zoezi, kisha yakashuka kabla ya asubuhi ya kesho yake, uko salama, endelea. Yakiamka nawe yakiwa bado juu, siku hiyo punguza kwa theluthi, lakini usiache. Kuumia kidogo unapofanya zoezi si ishara kwamba kitu kinachanika ndani. Ni mwili uliokaa muda mrefu katika ulinzi, unafundishwa upya kuwa kuinama hakuna hatari.

Kwa anayeswali, sala yenyewe ni kipimo kizuri. Wengi huhamia kwenye kiti mgongo unapowauma, na kwa siku za mwanzo hiyo ni ruhusa njema. Ukianza kupata nafuu, jaribu rukuu ukishika magoti, kisha sijda ukitegemea mikono, rakaa mbili kwa siku, zinazobaki kwenye kiti. Baada ya muda ongeza. Mzee mmoja aliniambia siku aliyorudi kusujudu chini ndiyo siku aliyojua amepona, ingawa kiuno kilikuwa bado kinamnong'oneza.

Hatua ya 6: Irekebishe kazi, usiiache

Hakuna mkao mmoja sahihi unaoulinda mgongo. Kinachouchosha ni kukaa mkao mmoja saa nyingi, au kuongeza mzigo ghafla kuliko ulivyozoea. Mkulima anayekaa miezi minne bila jembe, kisha mvua ikanyesha akalima nusu ekari kwa siku moja, mgongo utamdai. Agawanye shamba vipande, apumzike kwa kunyooka kila mstari unapokwisha, na ikiwezekana ajichongee mpini mrefu.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni rahisi zaidi kwa mgongo unaouma kuliko ndoo moja inayoinuliwa kutoka chini hadi kichwani. Dereva wa bodaboda ateremke anyooke kila anapongoja abiria badala ya kulalia tangi. Fundi cherehani aweke mkasi na pasi upande wa pili wa chumba ili alazimike kuinuka. Yule mama wa vitumbua hatukumwambia aache biashara. Mwanawe alipandisha jiko juu ya matofali mpaka likafika usawa wa kiuno, na ndoo ya unga ikawekwa juu ya stuli. Gharama yake ilikuwa matofali kumi na mawili.

Mikanda ya kiuno inauzwa kila kona. WHO katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haikupendekeza mikanda hiyo kuwa tiba ya kawaida, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala mashine za mawimbi ya sauti na za umeme mdogo. Baadhi ya mashine hizo tunazo wenyewe kwenye idara zetu. Ukilipia mara kumi ulazwe chini ya mashine na hakuna aliyekufundisha zoezi hata moja, uliza kwa heshima, lakini uliza.

Hatua ya 7: Usiusahau usingizi, hofu na madeni

Nikigusa jambo hili wagonjwa hunitazama kama nimewaambia wanajifanya. Sisemi hivyo. Maumivu yote, hata ya kukatwa na panga, hutengenezwa na mishipa ya fahamu na ubongo, na ubongo uliochoka huongeza sauti yake. Mtu asiyelala, mwenye msiba, anayepigwa nyumbani, au anayekimbizana na marejesho ya mkopo wa kausha damu kila Jumatatu, mgongo wake utauma zaidi ya mgongo uleule kwa mtu aliyetulia.

Nilipomuuliza yule mama maumivu yalianza lini, alihesabu kwa vidole, akafika wiki aliyochukua mkopo wa tatu kulipia wa pili. Alinyamaza muda. Siku hiyo hatukufanya zoezi lolote, tuliongea tu. Tafuta wa kumwambia: ndugu unayemwamini, kiongozi wako wa dini, au mshauri wa hospitali. Na kama umefika mahali unaona heri usingekuwepo, mwambie mhudumu wa afya leo.

Wewe unayemuuguza, usimpokonye kila kazi. Mtu aliyekatazwa hata kuchambua mchele hujiona mzigo. Mwachie kazi nyepesi, mwongezee taratibu, na umsindikize katika zile dakika zake za kutembea.

Hatua ya 8: Jua lini urudi, na ujiandae yakijirudia

Watu wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita. Zikipita sita bila mabadiliko, rudi ukaguliwe upya, ukianza na dalili za Hatua ya 2. Yakipita wiki 12 huitwa maumivu sugu, na hapo omba rufaa ya fiziotherapia kama hujaipata. Hospitali za rufaa kama KCMC Moshi, Bugando Mwanza na taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, zina idara hizo, na hospitali nyingi za mikoa vilevile. Akitokea mtu kukuahidi upasuaji kwa maumivu yasiyo na chanzo kilichobainika, tafuta daktari wa pili kabla ya kutia saini.

Maumivu haya yana tabia ya kujirudia, na kujirudia hakumaanishi kwamba ulikosea au umeharibika zaidi. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, uandike mambo manne: dalili za hatari, zile dakika ulizoanza nazo kutembea, zoezi lililokusaidia kuliko mengine, na dawa ambazo tumbo lako halizitaki. Likae karibu na kitanda. Siku mgongo utakapokaza tena, soma kwanza dalili za hatari moja baada ya nyingine. Kama hakuna hata moja, kanda, geuka ubavu, jisukume kwa mkono, uinuke, ukatembee dakika zako tano mpaka mlangoni kwa jirani na kurudi.